Kengele za upepo na mafundi waliokosa kazi

Katika mji wa Himeji, magharibi mwa Osaka, kuna ukoo wa wahunzi uitwao Myochin. Kwa vizazi vingi kazi yao ilikuwa kufua deraya za mashujaa wa Japani, na bwana wa ngome ya Himeji alikuwa mteja wao mkubwa. Mwaka 1868 utawala wa shogun ukaanguka. Mwaka 1871 serikali mpya ikafuta himaya za mabwana. Mwaka 1876 samurai wakapigwa marufuku kutembea na panga viunoni. Deraya ikawa vazi lisilo na mvaaji. Wahunzi wa Himeji hawakutupa nyundo. Waligeukia kitu kidogo ambacho kila nyumba ilikihitaji, yaani vijiti vya chuma vya kushikia makaa katika jiko la kuotea moto. Kazi hiyo iliwalisha karibu karne nzima, mpaka stovu za mafuta ya taa, gesi na umeme zilipoingia majumbani baada ya Vita Kuu ya Pili na jiko la makaa likaondolewa sebuleni. Riziki ya ukoo ikafa mara ya pili. Katika miaka ya 1960 mmoja wao akachukua vijiti vinne vilevile, akavifunga kwa uzi vining'inie kuzunguka ulimi mdogo, na chini ya ulimi akatundika kipande chepesi cha kudaka upepo. Vijiti vilipogusana vilitoa mlio mwembamba, safi, unaochukua muda mrefu kuisha. Leo kengele hizo ndizo zinazoutambulisha ukoo wa Myochin, na watu wengi wanaozinunua hawajawahi kushika kaa la moto kwa kijiti maishani mwao.

Kisa hiki hutajwa kama kioja kizuri cha fundi hodari, kisha msimulizi akapita. Mimi nadhani kimebeba kanuni ya historia nzima ya kengele za upepo majumbani. Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa hivi: zamani watu waliogopa pepo wabaya, wakatundika kengele kuwafukuza, baadaye wakaelimika, hofu ikayeyuka, ikabaki raha ya kusikiliza. Ni simulizi nyepesi, na nusu yake ni kweli. Hata hivyo haituelezi kwa nini kengele hizi ziko kama zilivyo, kwa nini moja ni ya kioo chembamba, nyingine ya chuma cha kusubu, nyingine ya makombe ya baharini na nyingine ya mabomba ya alumini. Wala haielezi kwa nini ziliingia katika nyumba za watu wa kawaida nyakati zilipoingia, si kabla wala baada. Ukifuata malighafi badala ya imani, unakutana tena na tena na jambo moja: kengele ya kujifurahisha nyumbani huzaliwa pale ambapo kitu kizuri, au fundi mzuri, amekosa kazi yake ya kwanza. Imani iliifungulia kengele mlango. Aliyeikaribisha ikakaa ni ukosefu wa kazi.

Tuanze na imani, maana ushahidi wake ni wa kale na hauna ubishi. Katika magofu ya Pompeii na Herculaneum, miji ya Italia iliyofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, wachimbaji walipata kengele za shaba nyeusi zilizotundikwa milangoni mwa nyumba na maduka. Nyingi zimening'inizwa kwenye sanamu ya uume, mara nyingi wenye mabawa, na baadhi zina miguu ya mnyama. Msomaji wa leo atacheka au atageuza uso, lakini Mrumi aliona humo zindiko la kukinga mlango dhidi ya jicho la husuda. Picha ilimkabili hasidi na mlio ukamvuruga. Plinio Mzee, mwandishi aliyekufa katika mlipuko huohuo wa Vesuvius, anasimulia katika kitabu chake cha elimu ya viumbe habari za kaburi la mfalme Porsenna wa Waetruski, lililosemekana kuwa na kengele za minyororo zilizolia kwa upepo na kusikika mbali, kama ilivyokuwa hapo kale huko Dodona, mahali pa ramli pa Wagiriki. Kwa hiyo ulimwengu wa Mediterania ulikuwa na kila kitu kilichohitajika: shaba, wasubuji, milango, upepo, na hofu tele. Mbona basi mila hiyo haikuendelea? Ulaya ya Kikristo ilirithi kengele, lakini ilikuwa kengele ya kuvutwa kwa kamba, ya kuita watu kwenye sala na kutangaza misiba. Zindiko la mlangoni lilikufa pamoja na miungu wake. Hapa ndipo simulizi ya kawaida inapoanza kuyumba. Kama raha ingekuwa mrithi wa moja kwa moja wa hofu, Waitalia wangetoa ule uume, wakaacha kengele, na kuendelea kusikiliza. Hawakufanya hivyo. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya zindiko peke yake kilizikwa siku zindiko lilipozikwa.

Uchina ilikwenda njia nyingine, na tofauti yake inafundisha. Huko nako kengele kubwa za upepo zilikuwa mali ya dini. Mwaka 516, katika mji wa Luoyang uliokuwa makao ya wafalme wa Wei ya Kaskazini, ilijengwa pagoda ya mbao ya ghorofa tisa katika hekalu la Yongning, na kwenye kila pembe ya kila paa zikaning'inizwa kengele, jumla yake zaidi ya 100. Yang Xuanzhi, aliyeandika kumbukumbu za mahekalu ya mji huo baada ya mji wenyewe kuachwa mahame, anasema usiku wa upepo mkali mlio wake ulisikika zaidi ya li 10, yaani karibu kilomita 5. Pagoda iliungua mwaka 534. Hakuna aliyetundika kengele kama hiyo kwake. Ilikuwa sauti ya dola na ya Ubuddha, inayomfikia mtu alipolala bila kumuuliza. Lakini mwandishi wa karne ya 10, Wang Renyu, akikusanya masimulizi ya anasa za karne ya 8, anataja kitu kidogo zaidi. Mwanamfalme wa Qi, ndugu wa mfalme Xuanzong, aliamuru vipande vya yade, lile jiwe la kijani linaloenziwa na Wachina, vitundikwe katika kichaka cha mianzi ndani ya jumba lake. Usiku aliposikia vipande vikigongana alijua upepo umeanza. Tazama neno moja dogo katika maelezo yake: vipande vile vilikuwa vya yade iliyovunjika. Yade nzima ilichongwa vikombe, mihuri na mapambo ya mikanda. Yade iliyovunjika haina thamani ya mkufu wala ya muhuri, lakini ugumu wake na mlio wake havijapungua hata kidogo. Kama masimulizi ya Wang ni ya kuaminika, na hata kama ameyatia chumvi, mojawapo ya habari za kale kabisa za mtu anayetundika kitu nyumbani kwake ili asikie upepo inahusu takataka za karakana ya sonara.

Japani ilipokea kengele za pembe za paa kutoka Uchina na Korea pamoja na Ubuddha katika karne ya 6, na kwa karne nyingi zilibaki mahekaluni na katika majumba ya wakubwa, kwa imani kwamba ulipofika mlio wake maovu hayafiki. Kilichozileta kwenye vibaraza vya watu wa kawaida ni kioo, na hapa sina budi kusimama, kwa sababu kioo ndicho pingamizi kubwa kuliko yote dhidi ya hoja yangu. Sanaa ya kupuliza kioo iliingia kupitia bandari ya Nagasaki, ikafika Edo, mji ambao leo ni Tokyo, na katika karne ya 18 na ya 19 mafundi wa Edo walipuliza kengele ndogo za duara zilizouzwa mitaani wakati wa joto. Wapulizaji hawa hawakuwa wamekosa kazi. Walikuwa na sanaa mpya, changa, yenye wateja. Msomaji mkali atasema: tazama, kengele maarufu kuliko zote za Japani haikutokana na mabaki ya kazi yoyote, ilitokana na uvumbuzi na biashara, basi.

Pingamizi hili lina uzito, nami nalikubali kiasi cha kuipanua hoja yangu. Hebu tujiulize kioo kilikuwa na kazi gani katika mji wa Edo. Ulaya kioo kilikuwa dirisha, chupa ya mvinyo, bilauri ya mezani. Nyumba ya Edo ilikuwa na milango ya kusukuma iliyofunikwa karatasi, chai ilinywewa katika vikombe vya kauri, na pombe ya mchele iliwekwa katika vyombo vya kauri na mbao. Kioo cha wakati huo kilikuwa chembamba na dhaifu, na mafundi walikifanya vibanio vya nywele, midoli na vikorokoro vya kuchezea. Madirisha, chupa na kandili vilikuja baadaye, katika enzi ya Meiji, pamoja na viwanda. Kwa hiyo kioo cha Edo hakikuwa malighafi iliyomaliza kazi. Kilikuwa malighafi ambayo kazi yake ilikuwa bado haijafika. Kwa sikio la msikilizaji hali hizo mbili ni ndugu. Katika zote mbili kuna kitu chenye sifa bora ambacho maisha ya kila siku hayana mahali pa kukiweka, na fundi anayetafuta mahali hapo.

Namna kengele ya Edo inavyotengenezwa inaonyesha jinsi fundi alivyoutumia udhaifu wa kioo. Fundi hatumii kalibu. Anachota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba, anapuliza tufe dogo ambalo litakuwa mdomo, anaongeza kioo, anapuliza tufe kubwa hewani huku akizungusha bomba, kisha kikipoa anakata lile tufe dogo. Ukingo wa mdomo unaobaki haupigwi msasa wala kulainishwa. Unaachwa na vijino. Ulimi wa kengele, nao wa kioo, unapokwaruza vijino hivyo hutoa mlio mkavu wenye mkwaruzo kidogo, na kila kengele ina wake kwa kuwa hakuna midomo miwili iliyokatika sawasawa. Kikombe chenye ukingo kama huo kingemkata mnywaji. Picha huchorwa kwa ndani, kinyumenyume, ili mvua na vidole visiifute. Zamani nyingi zilipakwa rangi nyekundu, kwa imani kwamba wekundu hufukuza maradhi. Imani ilikuwa bado ipo, wala siipuuzi. Ila wachuuzi waliozibeba mabegani mitaani hawakuuza dawa. Inasemekana mchuuzi wa samaki wa mapambo alipaza sauti, mchuuzi wa mboga alipaza sauti, lakini mchuuzi wa kengele alitembea kimya, kwa sababu mzigo wake ulijinadi wenyewe. Kwa mfanyabiashara hiyo ni bahati ya pekee. Nayo inaeleza kuenea kwa kengele hizi katika mji wa watu wapatao milioni moja kuliko mahubiri yoyote juu ya pepo wabaya.

Mkoa wa Iwate, kaskazini mashariki mwa Japani, unaturudisha kwenye chuma. Mabwana wa ukoo wa Nambu waliwaita wasubuji wa birika kutoka Kyoto katika karne ya 17, na tangu hapo Morioka ukawa mji wa birika za chai, huku Mizusawa, kusini yake, ukisifika kwa masufuria na vyungu vya chuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili sufuria ya alumini, nyepesi, rahisi na isiyoshika kutu, ikaingia jikoni. Chungu cha chuma kizito hakikushindwa kwa ubora. Kilishindwa kwa bei na kwa uzito. Karakana ziliendelea kuishi kwa birika za wapenzi wa chai na kwa vitu vidogo vya kuuzia wageni, na miongoni mwa vitu hivyo kengele ya upepo ilipata heshima ambayo pengine hata wenyewe hawakuitazamia. Chuma cha kusubu, kigumu, chenye ukuta mwembamba ulio sawa pande zote kama birika inavyotakiwa kuwa, hulia kwa sauti ya juu inayovutika. Kila majira ya joto kengele hizo hutundikwa kwa wingi katika stesheni ya reli ya Mizusawa, na mwaka 1996 Idara ya Mazingira ya Japani ilipotangaza sauti 100 za nchi zinazostahili kuhifadhiwa, pamoja na ndege, maporomoko na mawimbi, kengele za stesheni hiyo zilikuwamo. Serikali iliyokuwa ikihesabu kelele za barabara na viwanda iliona sauti ya subu la birika ni urithi.

Mfano wa Ufilipino nitaupitia haraka, si kwa udogo wake, bali kwa kuwa unafuata mkondo uleule. Kuna chaza mwenye makombe bapa, membamba, yanayopitisha mwanga, anayeitwa kwa jina la jimbo la Capiz. Katika nyumba za zama za Wahispania makombe yake yalikatwa miraba na kupangwa katika fremu za madirisha, kwa sababu kioo kilikuwa ghali na jua la tropiki lilihitaji kupunguzwa makali; Wareno wa Goa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi kutoka pwani yetu, walifanya vivyo hivyo. Kioo cha kiwandani kilipokuwa rahisi, dirisha la makombe likawa la kizamani. Makombe yaleyale yakahamia kwenye vivuli vya taa na kwenye nyuzi za kutundika barazani. Mlio wake si wa kengele hata kidogo. Ni mchakacho, kama wa mvua nyepesi juu ya majani makavu, na baadhi yetu tunaoishi karibu na bahari huenda tukaupenda kuliko wa chuma.

Kisha kuna Marekani, ambako hoja yangu inapata ushahidi wake ulio wazi kuliko wote, kwa kuwa mhusika mwenyewe anausimulia hadharani. Garry Kvistad, mpiga ala za kugonga aliyesomea muziki, alivutiwa na skeli ya kale ya noti tano inayohusishwa na Olympos, mwanamuziki wa Ugiriki wa karne ya 7 kabla ya Kristo, skeli ambayo piano ya kisasa haiwezi kuipiga sawasawa kwa jinsi inavyotuniwa. Alihitaji chuma cha kukata kwa vipimo vyake mwenyewe. Alikipata jalalani: viti vya bustani vilivyotupwa, vyenye fremu za mabomba ya alumini. Mwaka 1979 yeye na mkewe walianzisha kampuni huko Woodstock, jimbo la New York, na kengele yao ya kwanza ilibeba jina la Olympos huyo. Kabla ya hapo kengele nyingi za upepo zilizouzwa Marekani zililia ovyo. Mnunuzi alisikia chuma, si muziki. Bomba lililotupwa lilileta usahihi kwa sababu lilikuwa tayari na sifa ambazo kiwanda cha viti kilizigharimia kwa sababu nyingine kabisa: unene uleule mwanzo hadi mwisho, uwazi katikati, wepesi, na ukaidi dhidi ya kutu.

Hapa inafaa kueleza kidogo bomba linavyolia, kwa kuwa hoja inasimama juu yake. Bomba lililo huru pande zote mbili likigongwa hupinda huku na huku kama upinde. Ukilikata nusu, huku unene ukibaki uleule, mitetemo yake kwa sekunde huongezeka mara 4, yaani sauti inapanda oktavu mbili. Kwa hiyo tofauti ya milimita chache inatosha kuharibu noti. Juu ya sauti yake ya msingi huzuka nyingine, moja yenye mitetemo takriban mara 2.76 na nyingine mara 5.40, ambazo hazilingani na sauti za juu za zumari wala za uzi wa zeze, na ndizo zinazompa msikilizaji ile ladha ya kengele. Na kuna mahali pawili kwenye bomba ambapo hapatetemeki, takriban asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha. Uzi ukipita hapo, bomba halijui kwamba limefungwa. Ukipita kwingine, unanyonya mtetemo na mlio unakufa upesi.

Sasa nigeukie pingamizi la pili. Mtu atasema nimechagua mifano inayonifaa na kuacha isiyonifaa. Paolo Soleri, msanifu majengo Mwitalia aliyehamia Arizona, alisubu kengele za udongo na za shaba nyeusi kwenye kalibu za mchanga, na mauzo yake yakasaidia kujenga Arcosanti, mji wa majaribio ulioanza mwaka 1970. Shaba yake ilinunuliwa, haikuokotwa. Kweli. Lakini hata hapo kengele ilikuwa kazi ya pembeni ya mtu ambaye kazi yake kuu, kujenga miji, haikupata wa kuilipia. Mwingine atasema: mafundi wote maskini hutumia mabaki, Nairobi na Dar es Salaam tairi bovu huwa kandambili, na hakuna anayeandika falsafa juu yake. Huyu anauliza swali zuri zaidi: kwa nini kengele hasa? Jibu langu ni kwamba kati ya vitu vyote vinavyotengenezwa na binadamu, kengele ya upepo ndiyo inayodai kidogo kuliko vyote. Kandambili lazima ibebe uzito na ikae mguuni. Kengele haibebi kitu, haikati, haishiki maji, haifungui mlango. Haihitaji hata mpigaji. Inataka jambo moja tu, kwamba ikiguswa itetemeke kwa muda bila kujinyonya, na hilo hutegemea ugumu na usawa wa malighafi, sifa ambazo kwa kawaida zilitiwa humo na kazi ngumu zaidi. Deraya ilidai chuma kilichofuliwa bila ufa. Birika ilidai ukuta ulio sawa. Kiti kilidai bomba lililonyooka. Kazi zikaondoka, ubora ukabaki, na ubora usio na kazi hulia vizuri.

Ndiyo maana naikataa simulizi ya hofu iliyogeuka raha kama maelezo kamili. Mwenye kuishikilia atanielekeza Uchina wa leo, ambako waumini wa fengshui hutundika mabomba ili kurekebisha mkondo wa nguvu ndani ya nyumba, na ni kweli kwamba imani haijakoma. Kwa msomaji wa pwani yetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu Waislamu wengi wanazijua hadithi za Mtume zinazochukiza kengele katika misafara na zinazokataza kuning'iniza hirizi, na wapo watakaoona bora nyumba isiwe nayo kabisa. Siwezi kutoa fatwa. Naona tu kwamba mabishano hayo yenyewe yanatenganisha mambo mawili ambayo simulizi ya kawaida inayachanganya: kitu kinachotundikwa ili kilinde, na kitu kinachotundikwa ili kisikike. Warumi walikuwa na cha kwanza kikafa. Mwanamfalme wa Qi alikuwa na cha pili, na ndicho kilichoendelea kuzaliwa upya kila mahali paliposalia yade, vijiti au mabomba.

Raha yenyewe ina mipaka ambayo Wajapani waliijua zamani. Kengele ya upepo kwao ni ya majira ya joto. Hutundikwa joto linapoanza na kushushwa linapokwisha, na mtu aliyezoea hivyo akisikia mlio hujihisi amepoa, ingawa kipimajoto hakijashuka. Ubaridi huo unatokana na mazoea: sikio limejifunza kwamba mlio maana yake kuna upepo. Ukiiacha kengele mwaka mzima, fundisho hilo linafutika, na dhoruba za baridi zinaifanya kero. Siku hizi, katika majengo ya ghorofa ambako vibaraza vinatenganishwa na ukuta mmoja, kengele imekuwa chanzo cha malalamiko ya majirani, na watetezi wake husema majirani wamepoteza utu. Mimi nipo upande wa majirani. Mlio unaompendeza aliyeuchagua ni mlio uliolazimishwa kwa asiyeuchagua, kama ule wa pagoda ya Luoyang, na huyu wa pili hana hata pagoda ya kutazama. Kwetu pwani, ambako kusi huvuma kwa miezi kadhaa bila kupumzika, kengele nzito ya mabomba marefu inayotundikwa upande wa bahari haitakuwa ishara ya upepo. Itakuwa kelele ya kudumu, na baada ya wiki mbili hata mwenyewe hataisikia. Afadhali upande uliokingwa, ambako upepo hufika kwa kubahatisha.

Kuna mapungufu ya hoja yangu ambayo soko la leo linayaonyesha. Kengele nyingi zinazouzwa sasa duniani hutoka viwandani, zimekatwa kutoka kwenye mabomba mapya yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na hata warithi wa viti vya jalalani hununua alumini yao. Mabaki hufungua njia, kisha biashara hupita juu yake na lori. Lakini kiwanda kinachotengeneza bomba kwa ajili ya kengele tu hakina mteja mwingine wa kukidai unene ulio sawa wala chuma kisicho na ufa, na ndiyo sababu kengele za bei rahisi mara nyingi ni za bati jepesi lililopakwa rangi nzito, lenye mlio wa kopo. Anayetaka kuchagua vizuri asisome lebo inayoahidi utulivu wa moyo. Ashike bomba moja kwa uzi wake na kuligonga kwa ukucha, kisha ahesabu: likinyamaza kabla ya kufika tatu, aliache. Karibu na bahari achague alumini au shaba kuliko chuma cha kawaida, na auangalie uzi, kwa kuwa uzi wa nailoni uliounguzwa na jua hukatika kabla bomba halijachakaa. Atazame pia kile kipande cha chini kinachodaka upepo. Kikiwa kidogo mno kwa uzito wa ulimi, kengele itangoja dhoruba ndipo ilie. Mwisho apime tundu. Bomba la sentimita 50 linapaswa kuwa limetobolewa kwenye sentimita 11 hivi kutoka juu. Likiwa limetobolewa ncha kabisa, fundi alikuwa anatafuta mahali pa kupitisha uzi.